Jinsi ya Kuziona Sanamu za Kioo Katika Bustani ya Jangwa ya Phoenix: Mwongozo Kamili, Mchana Hadi Usiku

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu amesafiri mpaka Phoenix, Arizona, amelipa kiingilio cha Desert Botanical Garden, amezunguka saa nzima, halafu ananiuliza: "Mbona kioo hakikung'aa kama kwenye picha nilizoziona?" Mwingine picha zake zote zimetoka nyeusi. Mwingine aliondoka kichwa kikimgonga, na mama mkwe aliyekuja naye kasema hatarudi tena. Nikiwauliza waliingia saa ngapi, majibu ni saa tano, saa sita, saa saba mchana.

Shida iko hapo. Sanamu ya mawe au ya mbao unaweza kuiona vizuri wakati wowote. Ya kioo inategemea jua liko wapi na wewe umesimama wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga ziara nzima kwa kulifuata jua: unaingia alasiri, unatoka usiku, na kila hatua ina kazi yake.

Mfano ninaoutumia ni maonyesho ya Dale Chihuly, msanii wa Marekani ambaye bustani hii imempokea mara tatu: 2008 hadi 2009, 2013 hadi 2014, na 2021 hadi 2022. Hata pasipokuwa na maonyesho makubwa, minara yake mitatu ya kioo cha kijani, Desert Towers, imebaki pale kwenye lango la kuingilia. Hatua hizi zitakufaa pia kwenye maonyesho mengine ya kioo yanayowekwa nje, mahali pakavu penye jua kali.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tiketi yenye saa ya kuingia. Ihifadhi kwenye simu na upige picha ya skrini, ili usihangaike na mtandao mlangoni.
- Maji, lita moja kwa kila mtu. Hata wakati wa baridi. Sababu iko kwenye Hatua ya 3.
- Viatu vya kufunika vidole. Ndala na sandali ziache nyumbani. Miiba ya jangwa huanguka chini na haionekani.
- Kofia pana, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua.
- Sweta au shali nzito. Hiki ndicho kitu kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachowafanya watu waondoke kabla taa hazijawaka.
- Chanuo na kibano kidogo cha kung'olea miiba.
- Simu iliyojaa chaji, pawabenki, na kitambaa laini cha kufutia lenzi.

Usibebe stendi ya kamera ya miguu mitatu wala fimbo ya selfi kabla ya kusoma masharti ya maonyesho husika. Njia ni nyembamba na watu ni wengi, hivyo vifaa hivyo mara nyingi huzuiwa. Chakula nacho kiache garini, kwani ndani kuna mgahawa.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kukata tiketi ya ndege

Angalia tena miaka niliyoitaja. Maonyesho yote matatu yalianza mwishoni mwa mwaka na kumalizika kabla ya kiangazi kukolea. Bustani inajua mji wake. Julai, wastani wa joto la mchana Phoenix hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na mwaka 2023 mji ulipitia siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43 au zaidi. Lami ya barabarani siku kama hizo inaunguza ngozi ya mtu aliyeanguka. Huko si kutembea bustanini.

Msimu mzuri unaanzia Novemba mpaka Aprili. Ndani yake nina upendeleo wangu.

Desemba na Januari kuna utulivu na mchana hauchomi, ila jua linazama mapema na usiku ni baridi. Februari na Machi hali ya hewa ni nzuri sana, lakini ndiyo miezi ya mechi za maandalizi za besiboli katika eneo la Phoenix, na bei za hoteli hupanda. Ukiweza, njoo Aprili. Mti uitwao palo verde, ambao gome lake lenyewe ni la kijani na hutengeneza chakula cha mti pamoja na majani, hujaa maua ya manjano. Ocotillo huchomoza maua mekundu kwenye ncha za fito zake. Kioo cha manjano na chekundu kikisimama katikati ya maua hayo, utaelewa kwa nini msanii alitaka kukiweka hapa badala ya kukifungia kwenye ukumbi mweupe.

Tahadhari. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba ni msimu wa mvua za radi na dhoruba za vumbi. Ukilazimika kuja wakati huo, nenda mara bustani inapofunguliwa asubuhi, na usome sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

## Hatua ya 2: Kata tiketi kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka machweo

Usianze na saa iliyokufaa wewe. Anza na saa jua linapozama siku hiyo, kisha rudi nyuma saa mbili. Hiyo ndiyo saa ya kuingia.

Kwa makadirio, Phoenix jua huzama hivi:

- Mwishoni mwa Desemba: saa kumi na moja na dakika ishirini hivi jioni. Ingia saa tisa na nusu alasiri.
- Katikati ya Machi: saa kumi na mbili na nusu. Ingia saa kumi na nusu.
- Mwishoni mwa Mei: saa moja na nusu usiku. Ingia saa kumi na moja na nusu.

Tiketi itaandikwa kwa saa za Kizungu. Saa kumi na nusu alasiri ni 4:30 PM. Kama unamkatia tiketi mzazi anayetoka nyumbani, mwandikie saa zote mbili kwenye ujumbe mmoja. Nimeshuhudia familia ikigawanyika mlangoni kwa sababu nusu ilisoma 4:30 na nusu ikasikia "saa kumi na nusu" ikadhani ni 10:30.

Kuna mtego mwingine kwa wanaokuja kwa gari kutoka Los Angeles au San Diego. Arizona, isipokuwa eneo la Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, haibadilishi saa mwaka mzima, yaani haizisogezi mbele kiangazi na kuzirudisha nyuma kipindi cha baridi. California inabadilisha. Matokeo yake, kiangazi saa zao zinalingana, lakini kipindi cha baridi Phoenix iko mbele kwa saa moja. Ukitoka Los Angeles Januari, mwendo wa kama saa sita barabarani, hesabu saba.

Tiketi za jioni huisha kwanza, hasa Ijumaa na Jumamosi. Ukiweza kuja Jumanne au Jumatano, njoo. Kisha soma vizuri tiketi yako inaruhusu nini. Maonyesho mengine yana tiketi moja ya mchana na nyingine ya usiku, na Desemba bustani huwa na usiku wa taa za mishumaa, Las Noches de las Luminarias, wenye kiingilio chake. Usikate hiyo ukidhani ni ya maonyesho ya kioo.

Utajua umefaulu ukiwa na tiketi inayokuruhusu kuwa ndani kabla jua halijazama na kubaki mpaka giza liingie kabisa. Kama ni ya mchana peke yake, ibadilishe mapema.

## Hatua ya 3: Uandae mwili, hasa kama umetoka pwani

Hii ninaisisitiza kwa watu wa Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na hata Maskati. Nyumbani joto linajulikana kwa jasho. Shati likiloa, unajua umechoka, unatafuta kivuli na maji. Phoenix hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajihisi mkavu, unajihisi vizuri, kumbe maji yanakutoka. Ishara ya kwanza kwa wengi ni kichwa kuuma, na hapo umeshachelewa.

Kunywa glasi mbili kabla ya kuondoka, kisha endelea kunywa kidogo kidogo bila kusubiri kiu. Mkojo ukiwa wa rangi iliyokolea, kaa kivulini unywe kwanza. Kama ni Ramadhani na umefunga, usizunguke bustani nzima alasiri. Ingia dakika arobaini kabla ya Magharibi, keti karibu na lango uangalie minara mitatu, futuru kwa tende na maji, kisha anza safari usiku.

Kuhusu mavazi, nguo pana na nyepesi ni nzuri kwa jua. Buibui, kanzu, dera na mitandio mirefu inafaa kabisa, ila pindo zishike karibu na mwili unapopita kona nyembamba. Mwiba wa dungusi kakati ukinasa kitambaa haukiachii kirahisi.

## Hatua ya 4: Mzunguko wa kwanza, simu mfukoni

Maegesho ni ya bure. Ukitoka garini, vaa sweta kiunoni hata kama unaona joto, kwa sababu hutataka kurudi kulichukua.

Mlangoni simama mbele ya Desert Towers. Hapa ndipo pa kujifunza kusoma kioo, na si pa kupita haraka. Vipande vya kijani vinachomoza pande zote, virefu, vyenye ncha. Kisha geuka uangalie mimea iliyo karibu, agave na yucca. Utaona umbo ni lile lile. Mtu wa Tanga atashtuka, maana mkonge ni agave. Ulipelekwa Tanga mwaka 1893, lakini asili yake ni Mexico, nchi ambayo jangwa hili la Sonora linaingia hadi ndani yake. Unasimama mbele ya ndugu wa mmea uliowalipia karo wazee wengi wa Tanga, na msanii ameujibu kwa kioo.

Hiyo ndiyo kanuni ya mzunguko huu: tazama mmea kwanza, kioo baadaye. Sanamu hizi hazikutupwa popote. Zimewekwa pale zinapoitana na mmea wa karibu, kwa umbo, kwa urefu au kwa kupingana rangi. Ukikitazama kioo peke yake, umeona nusu.

Fuata njia kuu, Desert Discovery Loop, inayounganisha bustani yote na kufungua njia nyingine ndogo. Imesakafiwa, kwa hiyo kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vinapita. Tembea mzunguko mzima bila kupiga picha hata moja. Najua ni vigumu. Lakini kazi yako sasa ni kukumbuka mambo matatu kwa kila sanamu: iko wapi, magharibi ni upande gani kwake, na kama njia inakuruhusu kuizunguka.

Watoto watauliza maswali, na wakubwa pia, basi uwe na majibu. Je, kioo hakivunjiki na upepo? Kila kipande kimefungwa peke yake kwenye fremu au fimbo ya chuma, na mnara mmoja unaweza kuwa na mamia ya vipande. Jua halikiharibu? La, rangi iko ndani ya kioo chenyewe, haikupakwa juu. Mtu mmoja ndiye aliyetengeneza vyote? Hapana. Chihuly alipoteza uwezo wa jicho la kushoto katika ajali ya gari mwaka 1976, akaumia bega mwaka 1979, na tangu hapo kazi ya kupuliza kioo hufanywa na timu yake akiwaelekeza. Je, vyote ni kioo? Si lazima. Baadhi ya mabonge yake yanayofanana na barafu ni plastiki, anayoiita Polyvitro. Angalia kibao.

Tahadhari kubwa ya hatua hii. Kuna dungusi aitwaye cholla, hutamkwa *choya*. Kutoka mbali anaonekana laini, kama ana manyoya, na watoto hupenda kumgusa. Vipande vyake hukatika kwa mguso mdogo na kung'ang'ania ngozi. Kikikunasa, usikishike kwa mkono mwingine, kitahamia huko. Pitisha meno ya chanuo kati ya ngozi na kipande, kisha kirushe mbali na watu kwa mpigo mmoja. Miiba iliyobaki ing'oe kwa kibano. Mpungate, ambao wengi wetu tunaujua tangu nyumbani, una vinyweleo vidogo vinavyochoma kwa siku kadhaa. Usiung'ang'anie kwa ajili ya tunda.

Jioni za miezi ya joto nyoka na nge hutoka. Ukibaki juu ya njia, hatari ni ndogo. Hatari zaidi ni kwa anayeingia kwenye changarawe kutafuta picha.

Utajua umefaulu ukiweza kukaa benchini na kusema bila ramani sanamu zipi tatu utazirudia. Tatu zinatosha. Anayetaka kuzirudia zote ataishia kukimbia.

## Hatua ya 5: Saa ya mwisho ya jua

Sasa tunafika kwenye kiini.

Jaribu hili ukiwa nyumbani. Mimina chai ya rangi kwenye glasi na uitazame kutoka juu: ni nyeusi. Inyanyue mbele ya dirisha: ni nyekundu inayowaka. Chai haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwanga sasa unapita ndani yake kukufikia. Kioo cha rangi kinaishi kwa sheria hiyo hiyo.

Mchana wa saa sita jua liko juu kuliko saa nyingine zote za siku. Linagonga uso wa kioo, linarudi machoni kama mng'aro mweupe, na rangi inafifia. Ndiyo maana aliyekuja saa saba anadhani picha za matangazo ni za uongo. Jua likishuka, miale inakuja kwa ubavu na kupita ndani ya kioo.

Wengi tumezoea kupiga picha jua likiwa nyuma yetu, ili sura ya mtu ionekane. Kwa kioo, fanya kinyume: weka kioo kati yako na jua. Nenda kwenye sanamu ya kwanza kati ya zile tatu. Simama mashariki yake, uelekee magharibi. Kisha sogea polepole kulia na kushoto, hatua moja moja. Kuna mahali utafika rangi itawaka ghafla kutoka ndani. Simama hapo kwanza kwa macho yako. Usiichukue simu bado.

Jua likikuumiza macho, tafuta saguaro. Ndilo dungusi kubwa lenye mikono, linaloweza kufika mita 12 na kupita, na mara nyingi hukaa nusu karne au zaidi kabla ya kutoa mkono wa kwanza. Simama ili shina lake lizibe duara la jua. Mwanga utaendelea kupita pembeni kwenye kioo, na macho yako yatapumzika.

Ukimaliza hapo, ndipo upige picha:

1. Futa lenzi. Alama ya kidole kwenye lenzi ndiyo inayoleta ukungu mweupe ukielekea jua.
2. Gusa kwenye skrini sehemu ya kioo inayong'aa zaidi, si kivuli.
3. Shikilia kidole mpaka simu ifunge mwangaza, kisha ushushe mpaka rangi ikolee. Mimea nyuma itakuwa na giza kidogo. Iache.
4. Usivute karibu kwa vidole. Sogea kwa miguu, ukibaki njiani.
5. Flashi iwe imezimwa tangu mlangoni.

Ukitaka mtu awe kwenye picha, usimweke mbele ya kioo akielekea kwako, atatoka kivuli. Mweke ubavuni, uso ukiegemea upande wa jua, akiitazama sanamu. Hapo mwanga utamshika shavu na kioo kitawaka. Kwa ngozi zetu mwanga wa saa hiyo ni wa kupendeza sana, na simu ikifungwa kwenye kioo kisha ukapandisha mwangaza kidogo tu, uso hautapotea.

Angalia pia vitu visivyoingia kwenye picha. Karibia utaona vipovu vya hewa, mikunjo iliyoachwa na mpuliziaji alipozungusha bomba, na mahali rangi moja inapoyeyukia nyingine. Ukikuta mianzi mirefu ya rangi ya urujuani, soma kibao kama imeandikwa Neodymium Reeds. Kioo hicho kimechanganywa na madini ya neodimi, na rangi yake hubadilika kulingana na aina ya mwanga: urujuani juani, buluu chini ya baadhi ya taa za umeme. Ikiwepo, ikumbuke kwa hatua ya 7.

Utajua umefaulu ukiona kivuli chenye rangi chini, kwenye changarawe. Hiyo ni alama kwamba mwanga umepita ndani ya kioo. Kivuli kikiwa cheusi kitupu, kipande hicho si cha kupitisha mwanga.

## Hatua ya 6: Machweo, na dakika ishirini zinazofuata

Jua likizama watu wengi huanza kutoka. Usitoke.

Kwa wanaoswali, Magharibi inaangukia hapa hasa. Panga mapema. Wakati wa mzunguko wa kwanza tafuta pembe pana, iliyosakafiwa, isiyo kwenye mkondo wa watu. Kutoka Arizona kibla ni upande wa kaskazini-mashariki. Hakikisha kwa programu ya simu. Swala haitakunyima kitu, kwa sababu mwanga bora wa hatua hii unakuja kitambo baada ya jua kuzama.

Vaa sweta sasa, kabla ya kusikia baridi. Jangwa halina mawingu wala unyevu wa kushikilia joto. Desemba mchana unaweza kuwa nyuzi 19, na usiku ukashuka mpaka nyuzi 7 au 8. Mtoto aliyekuwa anatoka jasho saa kumi atatetemeka saa kumi na mbili.

Kati ya dakika kumi na tano na thelathini baada ya machweo, mbingu inakuwa buluu iliyokolea huku taa za bustani zikiwa zimewaka. Kwa muda huo mfupi mwanga wa taa na mwanga wa mbingu unalingana. Bado unaona mikono ya saguaro, bado unaona njia, na kioo tayari kinawaka. Nenda sanamu ya pili kati ya zile tatu, ile iliyo ndefu kuliko zote, na uitazame ikiwa imeegemea mbingu. Picha nyingi nzuri ulizowahi kuziona zilipigwa dakika hizi.

## Hatua ya 7: Usiku

Taa za usiku zinatoka chini au pembeni. Kwa hiyo sheria ya jua haitawali tena, na upande uliokuwa mbaya alasiri unaweza kuwa bora sasa. Izunguke tena ile sanamu ya kwanza uliyoiona juani. Rangi nyingine zimekolea, nyingine zimekufa, na chuma kilichokuwa kinaonekana kimemezwa na giza. Kama kulikuwa na ile mianzi ya neodimi, linganisha.

Yape macho dakika kumi yazoee giza. Tochi ya simu ikiwashwa inakuondolea uwezo huo wewe na kila aliye karibu, na inaharibu mwanga uliopangwa. Njia kuu zina taa za kutosha; tembea taratibu.

Kwa picha, tumia hali ya usiku ya simu. Inachukua sekunde chache, basi banisha viwiko kwenye mbavu, toa pumzi, usitikisike. Usiegemee mti wowote wala kizuizi cha sanamu. Punguza mwangaza kama ulivyofanya alasiri, kwani simu itajaribu kuufanya usiku uwe mchana na kioo kitatoka cheupe.

Mshike mtoto mkono muda wote usiku. Si kwa ajili ya kioo tu. Gizani cholla haionekani.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzio sanamu moja ilivyokuwa na sura tatu: juani, wakati wa mbingu ya buluu, na usiku.

## Ukija na wazee au kundi kubwa

Babu na bibi wasilazimishwe mizunguko yote. Wapeleke moja kwa moja kwenye sanamu iliyo karibu na benchi, saa moja kabla ya machweo, na wabaki hapo wakati mwanga unabadilika mbele yao. Mara nyingi wao ndio wanaoona mengi kuliko vijana waliokimbia bustani nzima. Kiti cha magurudumu ulizia kabla ya siku yenyewe.

Kundi la kanisa, la chama au la harusi lichague mahali pa kukutana patakapoonekana usiku. Minara mitatu ya langoni inafaa. Jamii ya Waswahili Phoenix ni kubwa, wakiwemo ndugu wengi kutoka Kongo na Burundi, na makundi ya watu thelathini si ajabu. Gawanyikeni watu sita sita. Kundi likizidi hapo, wa nyuma hawaoni kitu isipokuwa migongo.

## Mambo yakienda mrama

Kuna mawingu. Usiahirishe. Mwanga unakuwa laini, mng'aro mweupe unatoweka, na vipande visivyopitisha mwanga huonekana vizuri kuliko siku ya jua. Ruka Hatua ya 5, tumia muda huo kusoma mimea, na uweke nguvu kwenye 6 na 7.

Mvua imenyesha. Kioo kilicholowa kimesafishwa vumbi lote, na mimea inatoa harufu ya ajabu ya jangwa baada ya mvua. Subiri kama hakuna radi. Radi ikisikika, ingia kwenye jengo.

Upepo wa vumbi. Ondoka. Hakuna cha kuona, na macho yataumia.

Picha zote ni nyeusi. Uligusa mbingu kwenye skrini badala ya kioo. Gusa kioo, kisha upandishe kidogo.

Picha zote ni nyeupe. Uligusa kivuli. Gusa sehemu inayong'aa.

Watu wamejaa mbele ya sanamu. Wengi hukusanyika upande unaotazamana na njia. Fuata njia mpaka upande wa pili, mara nyingi kuna kona ya kuiona kutoka nyuma, na hapo utakuwa na nafasi.

Umepata asubuhi tu. Tumia mwongozo huu kwa kuugeuza. Ingia dakika ile mlango unapofunguliwa, jua likiwa bado chini upande wa mashariki, na usifanye mzunguko wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye sanamu, simama magharibi yake ukielekea mashariki, na sogea hatua moja moja mpaka iwake. Una saa moja na nusu hivi kabla jua halijapanda mno. Mimea na vibao vitazame baadaye, kivulini, na kufikia saa nne na nusu uwe umekwisha rudi garini.